Nyundo Ninayo, Kioo Hakivunjiki

Jamani, mtu mzima mimi nimefungiwa ndani ya simu. Ile michezo ya kutoroka chumbani: unajikuta ndani, mlango umefungwa, hakuna anayekuambia umefikaje, basi unabonyeza-bonyeza mpaka utoke. Mwaka 2004 Mjapani mmoja, Toshimitsu Takagi, alitoa Crimson Room, watu wakaanza kupapasa chumba chekundu kwenye kompyuta za maofisini. Flash, ile programu iliyoendesha michezo hiyo kwenye kompyuta, ilipozimwa mwishoni mwa 2020 nikajua tumepona. Wapi! Ugonjwa ulishahamia kwenye simu.

Sasa mimi kidole changu ni cha kubeba saruji. Nikigusa kioo nafunika droo, taa na dirisha kwa mpigo. Wao wameficha ufunguo kwenye kona ya zulia, mahali padogo kuliko punje ya ulezi. Nabonyeza zulia, naambiwa: "Hakuna kitu hapa." Nazunguka chumba kizima, kuja kugundua kitu kilikuwa palepale, ila nilitakiwa nisogee kushoto kidogo. Huo si uongo huo?

Halafu nyundo. Nimeipata nyundo, dirisha la kioo lile pale, nje naona hadi miti. Nagonga. Mchezo unanijibu: "Sihitaji kufanya hivyo." Huhitaji? Wewe si ndiye uliyefungiwa? Nyundo ina kazi moja tu humo ndani: kuvunja kibubu. Ndani ya kibubu, bisibisi. Bisibisi inafungua skrubu moja, inayeyuka. Skrubu ya pili, pacha wake kabisa, inataka sarafu! Fundi gani aliwafundisha hawa?

Na namba za siri. Vitabu vyekundu vitatu, vya kijani vitano, na mpangilio unautoa kwenye picha ya ndege ukutani. Wanaume wasiotofautisha nyekundu na kijani si wachache, Ulaya ya kaskazini ni kama 8 katika kila 100. Hao wafie humo?

Ila nisiwaonee, babu zao walikuwa wabaya zaidi. Gabriel Knight 3, mchezo wa kompyuta wa mwaka 1999: ili ukodi pikipiki kwa jina la rafiki yako, unamvizia paka, unanasa manyoya yake kwa utepe, unayabandika juu ya mdomo yawe masharubu. Sawa, nimekubali. Lakini huyo rafiki hana masharubu! Inabidi umchoree kwenye pasipoti yake kwa kalamu. Kuna mtu alilipwa mshahara kwa wazo hilo.

Mchezo wangu una nafuu hapo. Ila nikiomba msaada naonyeshwa tangazo, bando linakatika, kisha msaada wenyewe: "Chunguza chumba vizuri." Nashukuru sana. Chumba nimekichunguza hadi mama watoto kauliza namtafuta nani humo.

Jana kaja mtoto wa dada yangu, kachungulia begani.

"Mjomba, hapo unageuza simu juu chini, ufunguo unadondoka kutoka kwenye taa."

"Imeandikwa wapi?"

"Haijaandikwa popote, mjomba."

Nikageuza. Kweli ukadondoka, mlango ukafunguka, nikatoka kifua mbele. Nikajikuta koridoni. Milango sita, yote imefungwa, na chini yake maandishi madogo: lipia ili uendelee.