Pampu ya bwawa haizimwi usiku

Hapa Tanga nimeliona kwenye nyumba zaidi ya moja, na kwangu pia lilitokea. Mtu anajenga kibwawa kizuri uani, anatia sato, ananunua pampu, halafu saa tatu usiku anapofunga milango anaizima pampu pamoja na taa za sebuleni. Hesabu yake ni kwamba samaki nao wamelala, umeme uende bure kwa nini? Mimi nasema ukilazimika kuizima, izime saa nane mchana. Usiku iache ifanye kazi.

Bwawa letu liko nyuma ya nyumba, Chumbageni, pembeni ya mwembe. Urefu mita 3, upana mita 2, kina sentimita 80, kwa hiyo linachukua lita 4,800. Tulilijenga na wanangu wakati wa likizo ya Desemba, tukatia sato 40. Februari ilipofika joto lilikuwa kali, na kuna wiki upepo ulikatika kabisa, hata majani ya mwembe hayakutikisika. Maji yalikuwa yamegeuka kijani. Alfajiri moja nimetoka kuswali nikapita uani, nikakuta samaki 23 wanaelea. Waliobaki walikuwa juu ya maji, midomo wazi, wanatweta.

Jirani yetu, mzee aliyevua miaka mingi akitokea Sahare, alisikia watoto wanalia akaja. Aliwatazama samaki kidogo tu.

"Mwanangu, hawa hawakuugua. Wamekosa pumzi. Pampu umeizima tangu saa ngapi?"

"Tangu saa tatu usiku, mzee."

"Basi iwashe sasa hivi, na ulete ndoo."

Akaanza kuchota maji ya bwawa na kuyamwaga tena humo humo kutoka usawa wa kifua, ndoo baada ya ndoo, huku pampu ikizungusha. Wale 17 walipona. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nawaua mwenyewe, usiku baada ya usiku, nikidhani nafanya uangalifu.

Baadaye nilielewa kilichotokea. Ule ukijani ni mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho. Mchana, jua likiwapo, inatoa oksijeni ndani ya maji. Jua likizama inaacha kutoa, lakini kupumua haiachi. Inaanza kugombania oksijeni na samaki, na pia zile bakteria zinazoozesha majani ya mwembe chini ya bwawa. Kwa hiyo oksijeni inapungua saa baada ya saa, na inafika chini kabisa alfajiri, kabla jua halijachomoza. Ndiyo maana samaki wa bwawa hufa alfajiri na si jioni.

Na joto la pwani linazidisha shida. Maji baridi yana nafasi kubwa ya kubeba hewa kuliko maji ya moto. Lita moja ya maji yasiyo na chumvi, kwenye nyuzi 20, inaweza kushika oksijeni kama miligramu 9. Kwenye nyuzi 30 inashika kama 7.5 tu. Sisi wa Tanga tunaanza na akiba ndogo, na samaki naye kwenye joto anahitaji kupumua zaidi.

Najua nitaambiwa mabwawa ya udongo huko mashambani hayana pampu na samaki wanakua. Ni kweli. Lakini bwawa la shamba ni pana, upepo unalichezea kutwa, na samaki wamewekwa wachache kwa eneo lake. Bwawa la uani limezungukwa na ukuta, upepo haulifikii, na sisi tunalijaza samaki kwa sababu tunapenda kuwaona. Wengine husema wana kambale na hawajawahi kupoteza hata mmoja. Kambale ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu. Huyo usimfanye kipimo cha sato.

Tuje kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, maana hapo ndipo moyo wa watu ulipo. Pampu ya wati 40 ikifanya kazi saa 24 inakula karibu uniti moja kwa siku, yaani kama uniti 29 kwa mwezi. Ukiizima kwa muda wa saa 12 kila usiku utaokoa 14 hivi. Sizidharau uniti 14. Ninachosema ni kwamba njia ya kuziokoa ni kununua pampu ndogo tangu mwanzo. Watu wananunua pampu kubwa ya kurusha maji juu ili wageni waone, kisha inawashinda kuilisha. Kwa bwawa kama langu yatosha pampu inayozungusha maji yote mara moja kila saa mbili, lita 2,400 kwa saa. Ila soma karatasi yake vizuri: kile kiwango cha lita kilichoandikwa kwa maandishi makubwa ni pale pampu isipopandisha maji hata kidogo. Kadiri unavyoinua mpira ndivyo maji yanavyopungua, na ukifika kimo cha mwisho kilichoandikwa hakitoki kitu. Kwa hiyo mimi niliushusha mdomo wa mpira ukawa kiganja kimoja tu juu ya maji. Uso wa maji unatibuka, na hewa inaingia hapo hapo.

Chujio nalo linateseka pampu ikizimwa. Ndani ya sponji wanaishi bakteria wanaoigeuza amonia ya kinyesi cha samaki isiwe sumu, na wao pia wanaishi kwa oksijeni. Maji yakisimama usiku kucha wanaanza kufa, sponji inanuka, na asubuhi ukiwasha unayasukuma maji yale mabovu kwa samaki. Kwa sababu hiyo hiyo usioshe sponji kwa maji ya bomba, kwani yametiwa klorini. Ioshe kwenye ndoo ya maji ya bwawa, basi. Na waya wa pampu usiungwe ndani ya maji. Mwite fundi akufungie kifaa cha kukata umeme unapovuja. Kuna watoto.

Umeme ukikatika? Nimenunua pampu ndogo ya hewa ya betri, ya kutoa mapovu, na huiacha imejaa chaji. Lakini Machi, kabla sijainunua, umeme ulikatika saa saba usiku. Nilimwamsha mwanangu mkubwa, tukachukua ndoo mbili na taa ya simu. Tulichota na kumwaga kwa zamu, dakika kumi kwangu, dakika kumi kwake, mpaka adhana ya alfajiri. Kulipopambazuka mzee akachungulia juu ya ukuta akauliza, "Wangapi?" Mwanangu akahesabu kwa kidole mara mbili, akamjibu, "Wote kumi na saba, babu."