Kampuni Ikinunuliwa, Nani Hubaki na Kesi?

Wengi hudhani kwamba kampuni ikibadili jina imejivua kesi zake kama nyoka anavyojivua gamba. Sivyo: nafsi ya kisheria iliyosajiliwa, yaani kampuni yenyewe kama mtu mbele ya sheria, hubaki ileile, pamoja na mikataba na madeni yake. Kampuni mbili zikiungana kabisa, inayobaki hurithi mali na dhima za ile iliyomezwa. Hapo hapana ubishi mkubwa.

Ubishi huanza pale hisa zinaponunuliwa, kwa sababu mnunuzi huwa mmiliki tu, na kampuni iliyonunuliwa huendelea kubeba mzigo wake yenyewe. Huo ndio msimamo wa Dow, kampuni ya kemikali ya Marekani iliyoinunua kampuni nyingine ya kemikali, Union Carbide, mwaka 2001, kuhusu gesi iliyovuja kutoka kiwanda cha kampuni tanzu ya Union Carbide huko Bhopal, India, Desemba 1984 na kuua maelfu ya watu: kwamba Union Carbide ilikwisha kulipa dola milioni 470 kwa suluhu ya mwaka 1989, na kwamba Dow haikuwahi kumiliki wala kuendesha kiwanda kile. Kisheria hoja hiyo ni nzito, maana mpaka huo kati ya mmiliki na kampuni yake ukivunjwa, nani atathubutu kununua kampuni yenye matatizo? Hata hivyo, waathirika nao wana haki ya kuuliza kwa nini faida impandie mmiliki mpya bila kizuizi, ilhali lawama zikwame chini.

Kinachonitia shaka zaidi ni ununuzi wa mali peke yake, ambapo mnunuzi huchukua mitambo, wateja na hata jina, kisha huyaacha madeni kwenye kampuni iliyobaki ganda tupu. Kanuni ya kawaida humlinda, isipokuwa aliyakubali madeni hayo, au kuna ulaghai, au mauzo yenyewe ni muungano uliofichwa. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya California ilikwenda mbali zaidi katika kesi ya mtu aliyeanguka kutoka kwenye ngazi mbovu: kampuni iliyoitengeneza ilikuwa imekwisha kuvunjwa, na aliyenunua biashara yake, akiendelea kuunda ngazi zilezile kwa jina lilelile, akabebeshwa dhima. Majimbo mengi ya Marekani yamekataa kufuata njia hiyo, yakihofia kwamba wanunuzi wadogo wataangamizwa na makosa wasiyoyatenda. Hofu hiyo naielewa, ila mnunuzi huweza kukagua vitabu, kudai apunguziwe bei au kukata bima kabla ya kutia saini. Aliyepanda ngazi hakupata nafasi yoyote kati ya hizo.