Kabla hujamlipa kocha wa kazi

Msimu wa watalii ukiisha Malindi, vijana hurudi nyumbani, na kwenye simu zao matangazo ya makocha wa kazi huwa mengi kuliko ya kazi zenyewe. Lipa ada, tukae vikao kadhaa, ugundue kipaji chako, tuunyooshe wasifu wako. Wengi huniuliza kama pesa hizo zina faida. Kwa wengi wao, nasema hapana.

Tazama kazi za hapa zinavyopatikana. Masika yakiingia hoteli nyingi hupunguza watu, nyingine hufunga kabisa. Zikifunguliwa, meneja huanza na anaowajua. Mpishi humtaja mpishi mwenzake, na mwongoza watalii anayekisema Kiitaliano vizuri huitwa hata kabla hajaandika barua. Kijana wa mitaa ya hapa kama Maweni au Barani anajijua vizuri sana. Alichokosa ni cheti, na mtu wa ndani wa kumtaja. Kocha hana hata kimoja cha kumpa.

Fundi wa umeme aliyejifunza kwa kaka yake, akivuta nyaya kwenye nyumba za Waitaliano, mimi humshauri azipeleke pesa hizo kwenye mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani. Ataanzia gredi ya tatu, apande hadi ya kwanza. Ujuzi alioupata kazini ndio unaopimwa, na cheti chake kinaeleweka kwa mwajiri wa hapa na wa Mombasa pia. Naumia nikiona kijana kama huyo akilipia maneno ya kumtia moyo, huku mikono yake tayari inajua kazi.

Yupo ambaye ningemwambia alipe. Ni dada aliyekaa mapokezi miaka mingi, ana akiba, na sasa ana njia mbili: agombee umeneja palepale, au afungue nyumba yake ya wageni Watamu. Bosi anataka abaki, mume ana wasiwasi na akiba, mama naye ana yake. Huyo anamhitaji mtu wa pembeni, asiye na maslahi, amuulize maswali magumu.

Hata yeye asilipe kwa pupa, maana yeyote anaweza kujiita kocha. Amuulize kocha amesomea wapi na ameifanya kazi hiyo kwa jumla ya saa ngapi. ICF, shirika la kimataifa la makocha lililoanzishwa mwaka 1995, hutaka saa 60 za mafunzo na saa 100 za kazi yenyewe kwa cheti chake cha ngazi ya kwanza tu. Alipe kikao kwa kikao. Anayedai ada yote kabla hajasikia shida yako, achana naye.

Na kocha akikuahidi kazi Qatar au Dubai, huyo ni wakala. Wakala wa ajira nchini Kenya sharti awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, kwa hivyo hakikisha usajili wake huko kabla hujamtumia hata shilingi.