Jojoba Iringa: baridi ipo, kalenda ndiyo inayogoma

Ubishi wa kulima jojoba, kichaka ambacho mbegu zake hutoa nta ya vipodozi, Nyanda za Juu Kusini una pande mbili. Wa kwanza wanasema kichaka hiki ni cha jangwa la Sonora, kule Arizona na kaskazini-magharibi mwa Meksiko, kwa hiyo tropiki hakitazaa. Wa pili wanajibu kwamba kinachokosekana tropiki ni baridi, na baridi Iringa na Mbeya ipo ya kugawa. Hawa wa pili wako karibu zaidi na ukweli, ila wameusoma mmea nusu.

Jojoba hutoa vitumba vya maua kwenye matawi mapya, kisha vitumba hulala. Haviamki mpaka vipitiwe na majuma kadhaa ya usiku wa baridi. Ipande Pwani, itanawiri na kuvaa majani yake mazito ya kijivu, lakini vitumba vingi vitabaki vimefumba. Kipupwe cha Juni na Julai, Iringa mjini usiku huzunguka nyuzijoto 12, na Mbeya hushuka chini ya 10. Hapo hoja ya baridi inasimama. Makete na Kitulo tuziache: sakitu, yaani umande unaoganda, huunguza maua na miche michanga.

Lakini baridi peke yake haizalishi mbegu. Sonora baridi huja pamoja na mvua. Kitumba kinaamka udongo ukiwa na unyevu, mbegu inajaa hali ya hewa ikizidi kupata joto, kisha inadondoka juu ya mchanga mkavu na kuzolewa. Kwetu mpangilio umegeuka. Kipupwe ni kikavu, kwa hiyo Julai na Agosti, mti unapotaka kuamka, hauna maji. Ukiumwagilia ukachanua Agosti, mbegu huchukua takribani miezi mitano kukomaa: hiyo ni Januari, mvua zimekolea. Mbegu inaangukia tope na majani, inaota ukungu au inachipua palepale. Hili ndilo linaloniogofya kuliko baridi, na ndilo lisilotajwa.

Dawa yake, kama ipo, ni kuisogeza kalenda. Acha mti ukae bila maji kuanzia Mei ili uache kuchipua majani na vitumba vikomae, kisha mwagilia sana mara tu usiku unapoanza kupungua baridi. Kila juma unalowahi maua ni juma unaloiokoa mbegu na mvua. Wakulima wa matufaha katika nchi za joto hupukutisha majani kwa mkono ili kuamsha vitumba. Usiige hapa, jojoba haiachi majani na hutegemea hayohayo kulisha mbegu. Jambo moja tumejaliwa: maua ya jojoba huchavushwa na upepo, si nyuki, na upepo mkavu wa Agosti unaifanya kazi hiyo vizuri.

Kuhusu eneo, Rungwe na Mufindi zina mvua nyingi mno. Mizizi ikikaa majini huoza kwa fangasi, na mti wa miaka minne hunyauka wote. Panapofaa kujaribiwa ni upande wa Ismani, penye mvua kidogo, tena kwenye mteremko wa changarawe, si kwenye mfinyanzi wa bondeni.

Halafu kuna suala la dume na jike: kila mti ni wa jinsia moja, na jike ndilo linalozaa. Mbegu hutoa karibu nusu kwa nusu, na jinsia haijulikani mpaka mti uchanue, mara nyingi mwaka wa tatu. Kwa nafasi ya mita 4 kwa 2, ekari ina mashimo 500, na madume 50 yanatosha. Ukipanda mbegu tatu kila shimo, shimo moja kati ya manane litatoka madume matupu, kama 60 hivi. Hayo ndiyo madume yako. Kwingine unang'oa dume na kubakiza jike moja. Vipandikizi vya matawi ya jike linalozaa ni bora zaidi, lakini lazima jike hilo liwe limethibitika kuchanua kwa baridi ya hapahapa. Miche ilelewe kwenye viriba virefu, maana mzizi mkuu ukijikunja haunyooki tena.

Kibiashara, wengi huidhania kuwa kama alizeti. Karibu nusu ya uzito wa mbegu ni nta ya majimaji, inayotafutwa na watengenezaji wa vipodozi tangu Marekani ilipozuia mafuta ya nyangumi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Si mafuta ya kupikia. Mashudu yake nayo yana simondisini, kemikali inayomkatisha mnyama hamu ya kula, kwa hiyo usimpe mbuzi. Bila mnunuzi aliyekubaliana nawe mapema, gunia la jojoba Iringa halina soko la pili.

Kwa hiyo ekari nzima sasa hivi ni haraka. Mashimo 50 na pipa la maji yanatosha kwa jaribio. Urefu wa miche usikushughulishe. Andika tarehe ya maji ya kwanza, ya ua la kwanza kufunguka na ya mbegu ya kwanza kudondoka. Zikianza kudondoka kabla ya katikati ya Desemba, kuna sababu ya kupanua. Zikidondoka Januari, heri eneo hilo lilimwe alizeti.