Kero ya Viunganishi Visivyo na Maelezo
Kinachonikera zaidi katika kuunda vifaa vya majaribio kwa bodi kama ESP32 (bodi ndogo ya saketi inayopangiwa programu) si programu, bali ni kutafuta viunganishi, yaani plagi ndogo za kuunganisha waya na bodi. Ukizunguka maduka ya elektroniki ya Barabara ya Luthuli, Nairobi, utauziwa pakiti iliyoandikwa JST pekee, ilhali hilo ni jina la kampuni ya Japani yenye aina chungu nzima: PH ina nafasi ya milimita 2.0 kati ya pini na pini, XH ina 2.5, na SH ina 1.0 tu. Nusu milimita haionekani kwa macho pale kaunta, lakini ukifika nyumbani plagi inagoma kuingia, na pakiti iliyokwisha kufunguliwa hairudishwi.

Betri za lithiamu ndizo mbaya zaidi. Hakuna kanuni moja inayowabana watengenezaji wote kuhusu upande wa chanya, kwa hiyo waya mwekundu wa betri unaweza kuangukia pini ya hasi ya bodi yako, plagi ikaingia barabara na saketi ikaungua papo hapo. (Pima kwa mita ya volti kwanza, kila mara.) Wauzaji wangeandika tu kwenye pakiti aina, nafasi ya pini na upande wa chanya, bodi nyingi zingenusurika.