Povu Si Usafi: Mvutano Kuhusu Utafiti wa Matumizi

Mtafiti anayeomba fedha siku hizi huulizwa mapema: kazi yako itamfaa nani, na lini? Fomu ya maombi ina kisanduku chake kabisa. Kuna wanaokiona kisanduku hicho kuwa haki ya mlipakodi, na kuna wanaokiona kuwa kitanzi shingoni mwa sayansi. Kila upande una mifano yake, na mingi ni ya kweli. Nimechagua kuipima mifano hiyo katika nyanja tatu ambazo ni nadra kukaa meza moja: kemia ya sabuni, kompyuta zinazoshughulikia lugha, na uchumi endelevu. Kadiri ninavyoipitia, ndivyo ninavyoona kwamba ugomvi wa matumizi dhidi ya udadisi unaliacha kando swali zito zaidi: nani aliweka kipimo cha kufaulu, na nani hakuwapo kilipowekwa.

Sabuni ndiyo yenye hadithi nene, kwa hiyo nitakaa hapo kwanza. Kinachofanya kazi ndani yake ni safaktanti, molekuli yenye kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Mkia hujichomeka kwenye mafuta, kichwa hubaki majini, na molekuli nyingi zikishauzingira uchafu huubeba ukaondoka na maji. Sabuni ya asili ina udhaifu wake: kwenye maji yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi huganda na kuacha utando. Wakemia walitakiwa watafute kitu kisichoshindwa na maji magumu, kiwe cha bei ya chini, kitoke viwandani kwa wingi. Kufikia miaka ya 1950 walikuwa wamekileta: salfoneti ya alkilibenzini, iliyotengenezwa kutokana na petroli. Ilisafisha vizuri na kutoa povu tele. Kwa kipimo walichopewa, walifaulu bila ubishi.

Ila mkia wa molekuli hiyo ulikuwa na matawi. Bakteria wa mitoni hula mnyororo wa kaboni kuanzia nchani, kipande baada ya kipande; wakifika penye tawi wanakwama. Basi kilichotoka kwenye mashine za kufulia kilipita kwenye mitambo ya majitaka sehemu kubwa ikiwa nzima, kikaingia mitoni, na povu likarundikana kwenye malango ya maji huko Ulaya na Marekani. Kuna sehemu maji ya bombani yenyewe yalitoa povu. Ujerumani Magharibi ilitunga sheria mwaka 1961 ya kudai safaktanti zinazooza, na matakwa yake yakaanza kubana mwaka 1964. Marekani viwanda vilihama vyenyewe kufikia 1965. Dawa yenyewe ilikuwa kuunyoosha mkia. Molekuli mpya isiyo na matawi ililika na bakteria, ikafua nguo vizuri tu, na hadi leo ni miongoni mwa safaktanti zinazotumika zaidi duniani.

Anayeupinga utafiti wa matumizi atasema: mnaona? Haraka ya soko ilijaza mito povu. Sawa, lakini aliyeliondoa povu hilo ni nani? Ni utafiti uleule wa matumizi, katika viwanda vilevile, mara tu swali lilipobadilika kutoka "inafua?" na kuwa "inafua, halafu inaoza?" Uwezo wa kujibu ulikuwa karibu, hakuna aliyelipwa kuuliza. Na somo halikuenea lenyewe. Kemikali ya PFOS, safaktanti yenye mkia wa florini iliyosifiwa sana katika povu la kuzimia moto, ilifaulu mtihani wake kwa sababu ileile iliyokuja kuiponza: haivunjiki. Ilipoingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti kemikali sugu zisizooza, mwaka 2009, ilikuwa imeshasambaa hadi kwenye damu za watu na wanyama wasiowahi kuona zimamoto.

Baada ya mkia kunyooshwa kulikuwa bado na fosfeti, iliyotiwa kwenye sabuni za unga ili kulainisha maji. Maziwa yalianza kufunikwa na mwani, na ubishi ukawa nani wa kulaumiwa. Viwanda vilivuta kamba upande wa kaboni, na havikuwa vikidanganya tu: majaribio ya chupani yalionyesha kweli kwamba mwani huishiwa kaboni kwanza. Ndipo mwaka 1973 David Schindler na wenzake, huko Ontario, Kanada, wakaligawa ziwa zima, Ziwa 226, kwa pazia la plastiki. Pande zote mbili wakatia kaboni na naitrojeni. Upande mmoja wakaongeza fosforasi, elementi iliyomo ndani ya fosfeti. Picha ya angani iliyopigwa baadaye haihitaji maelezo: upande mmoja maji meusi, upande wa pili kijani kibichi. Chupa ilikuwa imewapotosha watu kwa sababu imefungwa, ilhali ziwa huvuta kaboni kutoka hewani.

Mfano huu naupenda kwa kuwa unazisumbua kambi zote mbili. Swali lilikuwa la matumizi moja kwa moja, hata la kisiasa. Lakini ili lijibiwe ilibidi kuwe na mahali ambapo wanasayansi wamepewa maziwa tangu 1968 na kuachwa wayachezee kwa miaka. Hakuna mradi wa miezi 18 ungeweza kununua jibu hilo.

Watetezi wa udadisi mtupu nao wana mtakatifu wao, Agnes Pockels, mwanamke wa Ujerumani ambaye hakuruhusiwa kusoma chuo kikuu. Akiwa nyumbani alibuni beseni la bati lenye ukingo unaosogea, akapima jinsi tando za mafuta zinavyoubadili uso wa maji. Mwaka 1891 alimwandikia Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza, naye akahakikisha barua inachapishwa kwenye jarida la Nature. Kazi ya mkemia Mmarekani Irving Langmuir iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1932 inasimama juu ya beseni la namna hiyo. Hoja ni nzuri, ila wanaoitumia husahau kwamba Langmuir aliajiriwa na General Electric, kampuni ya kutengeneza balbu. Ukitafuta mpaka safi kati ya udadisi na biashara katika kemia ya nyuso, hutaupata.

Kwenye lugha mvutano una sura nyingine, kwa sababu huko tatizo la kwanza lilikuwa kutia chumvi. Tarehe 7 Januari 1954, IBM na Chuo Kikuu cha Georgetown walionyesha kompyuta ikitafsiri zaidi ya sentensi 60 za Kirusi kwa Kiingereza, ikiwa na msamiati wa maneno 250 na kanuni 6 za sarufi. Sentensi zilikuwa zimechaguliwa. Magazeti yakashangilia, na Leon Dostert, mmoja wa viongozi wa mradi, akatabiri kwamba kazi huenda ikakamilika ndani ya miaka mitatu hadi mitano. Mwaka 1966 kamati ya ALPAC, iliyoishauri serikali ya Marekani, ikaandika kwamba tafsiri ya mashine ni ya polepole, ina makosa zaidi na ni ghali kuliko ya binadamu. Fedha za serikali ya Marekani zikakauka kwa miaka mingi.

Je, ALPAC walikosea? Kwa ushahidi waliokuwa nao, nadhani hapana. Waliuliza kama mlipaji anapata thamani ya fedha zake, na hakuwa akiipata. Walipendekeza pia isimu ya kompyuta iendelee kufadhiliwa kama sayansi, jambo ambalo wanaowalaumu hulinyamazia. Kilichofuata ni kwamba aliyepunguza tamaa ndiye aliyevuna: Kanada, kuanzia 1977, mfumo wa METEO ulitafsiri taarifa za hali ya hewa kutoka Kiingereza kwenda Kifaransa, lugha finyu yenye mvua, upepo na nyuzi joto, ukadumu kazini zaidi ya miaka 20.

Halafu kuna jambo lililowapindua wote. Mwaka 2017 watafiti wa Google waliandika juu ya muundo wa mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano, uitwao Transformer. Kipimo kikuu walichotumia kilikuwa tafsiri: Kiingereza kwenda Kijerumani na Kifaransa. Kazi iliyopimwa kwa matumizi hayo ndiyo iliyokuja kuwa msingi wa karibu modeli zote kubwa za lugha tunazozisikia leo. Kwa hiyo usemi kwamba msingi hutangulia na matumizi hufuata si kanuni; mara nyingine mtu hutafuta tafsiri bora akajikwaa kwenye kitu kipana zaidi.

Lakini tafsiri hiyo ilipimwaje? Kwa BLEU, kipimo cha mwaka 2002 kinachohesabu ni mafungu mangapi ya maneno ya mashine yanayolingana na yale ya mfasiri binadamu. Ni cha haraka, hakigharimu kitu, na bila hicho fani isingepiga mbio. Sasa chukua onyo la kwenye dawa ya kung'arishia nguo: "Usichanganye bidhaa hii na tindikali, gesi yenye sumu inaweza kutoka." Mashine ikiandika "Changanya bidhaa hii na tindikali, gesi yenye sumu inaweza kutoka," imepatia maneno 9 kati ya 10. BLEU itatoa alama za kupendeza. Anayefuata maelekezo hayo atavuta klorini.

Hapa BLEU inafanya kazi ileile ya povu. Mtumiaji wa sabuni huamini kwamba povu jingi ndio usafi, ingawa zipo safaktanti zinazosafisha vizuri karibu bila povu, na viwanda huongeza povu ili kumridhisha. Watafiti wa lugha nao kwa muda mrefu waliongeza alama. Lawama yangu si kwa kipimo rahisi, maana utafiti usio na kipimo ni maneno tu. Ninacholalamikia ni kukiacha kibaki peke yake baada ya bidhaa kutoka maabara, hasa kwa lugha zenye maandishi machache mtandaoni, ambako makosa ni mengi na wa kuyaripoti ni wachache. Tangu 2003 Umoja wa Mataifa una mfumo wa pamoja wa alama na maonyo ya kemikali, na karatasi ya usalama inayoambatana na kemikali ina vifungu 16. Ni nani anayehakikisha kwamba vifungu hivyo vinabaki na maana baada ya kupita kwenye mashine? Mkemia hasomi lugha lengwa. Mtaalamu wa lugha hajui tindikali ipi haipatani na nini.

Hiyo ndiyo hoja yenye nguvu zaidi ya kuzikutanisha nyanja hizi, na upo upande ambapo zinakutana vizuri. Tangu miaka ya 1980 kuna maandishi ya kompyuta yaitwayo SMILES, yanayoandika molekuli kama mstari wa herufi. Salfeti ya sodiamu ya dodesili, safaktanti maarufu, huandikwa CCCCCCCCCCCCOS(=O)(=O)[O-].[Na+], zile C 12 zikiwa ndio mkia. Modeli zilizobuniwa kwa sentensi za watu zinaweza kufunzwa mistari hii na kukisia tabia za molekuli ambayo bado haijatengenezwa, ikiwemo kama mkia wake utaoza. Lakini kukisia kunategemea data, na data ya kuoza ni haba kuliko ya kusafisha, kwa sababu tunazozijua: hakuna aliyelipwa kuikusanya. Tukilala, modeli itarithi upofu wa miaka ya 1950.

Wanaopinga mchanganyiko wa fani wana hoja ambayo sitaipuuza. Kazi inayogusa fani tatu mara nyingi husomwa na mhakiki anayeijua moja, na udhaifu hujificha kwenye mbili zilizobaki. Nimesoma kazi nyingi za "uendelevu" ambazo uendelevu wake ni aya ya utangulizi. Molekuli huitwa ya kijani kwa kuwa inatoka kwenye mafuta ya mbegu za mchikichi badala ya petroli, ilhali molekuli ni ileile, huoza vilevile, na tofauti yote iko kwenye ardhi iliyolimwa au msitu uliokatwa. Mchumi angeuliza hilo dakika ya kwanza. Angeuliza pia swali la William Stanley Jevons, mchumi wa Uingereza aliyeona mwaka 1865 kwamba injini zilizotumia makaa vizuri zaidi ziliongeza matumizi ya makaa badala ya kuyapunguza. Sabuni inayofua kwa maji baridi ni mafanikio ya kweli, kwa kuwa sehemu kubwa ya nishati ya kufua huishia kuchemsha maji. Ila akiba hiyo inaweza kuliwa na mizigo mingi zaidi ya nguo.

Ningependa kisanduku cha kwenye fomu kibaki, kisha kiongezewe kingine: kitu hiki kikishatumika, kitaishia wapi, na nani atapima? Na sehemu ya fedha ifungiwe kwa ajili hiyo, ipewe watu wasio na hisa kwenye matokeo. Najua pingamizi. Itachelewesha kazi, itaziumiza maabara ndogo kuliko kubwa, na kuna maswali kama lile la Ziwa 226 ambayo hayajibiki kwa asilimia kadhaa za bajeti ya mradi mmoja. La mwisho nalikubali kabisa. Hayo yanahitaji taasisi za kudumu. Kuhusu maabara ndogo, mzigo unaweza kubebwa na mfadhili badala ya mwombaji. Kuhusu kuchelewa, mkia wenye matawi uliingia sokoni bila kungoja mtu, na kuuondoa kulichukua zaidi ya miaka 10, sheria mpya na viwanda vipya.