Kwani unatumia toleo gani?

Hivi jamani, nani aliwafundisha watu jibu hili, kila ukiomba msaada wa programu ya kompyuta?

Saa nane usiku, hifadhidata ya duka letu, programu inayotunza taarifa za wateja, ina mapepo. Seva tatu, yaani kompyuta tatu za kuitunza, data ileile, na kila moja inaapa yenyewe ndiyo mkweli. Mteja anabadilisha anwani, mfumo unamjibu "imehifadhiwa". Akirudi, anaikuta ileile ya zamani! Imehifadhiwa wapi? Chini ya godoro?

Unaomba msaada. Hujamaliza hata kueleza, unajibiwa: "Pandisha toleo." Haya, napandisha. Seva ya kwanza inaamka na toleo jipya, inazitazama zile mbili kama mtu aliyerudi juzi kutoka Ulaya. Hazielewani tena! Kosa la jana halijaondoka, limemleta na mdogo wake.

Nirudi nyuma? Thubutu. Mafaili yameshaandikwa kwa muundo mpya, toleo la zamani haliwezi hata kuyasoma. Nisonge mbele? Lazima niizime ya pili, na kati ya tatu zisipobaki mbili hai, kura ya seva nyingi kukubaliana haitimii, duka zima linafungwa. Bosi naye yuko WhatsApp: "Vipi, dakika tano?" Zipi hizo, mzee wangu?

Adhana ya alfajiri inanikuta na macho mekundu, ndipo naona: saa ya seva ya tatu iko nyuma. Saa! Kila ikiandika jipya, wenzake wanaona ni la zamani, wanalitupa. Usiku mzima, kisa saa!

Nikawauliza wale washauri wangu, mbona hakuna aliyesema niangalie saa?

"Kwani sasa hivi unatumia toleo gani?"